SIKU ZETU NI CHACHE



Twaandika ukurasa huu kwa huzuni, kwani mwezi huu tumemzika mwenzetu wa Katubuka, karani mwenye mwandiko safi na ulimi wa upole. Jumatano alikuwa kazini. Ijumaa tulilichukua jeneza lake. Kaburini walisimama Wakristo pamoja na Waislamu wa Ujiji, maana kifo hakiulizi dini wala cheo.

Sisi tulio Wakristo twaamini ya kuwa kaburi si mwisho wa mtu. Walakini imani hiyo haitupi ruhusa ya kudhani kwamba siku zetu za hapa ni nyingi.

Ufuko wetu huu walijua jambo hilo tangu zamani. Mwezi wa Agosti, 1878, wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji, baada ya safari ya zaidi ya mwaka mmoja kutoka pwani. Mmoja wao, J. B. Thomson, alifariki mwezi uliofuata. Mwezi wa Machi, 1879, akafika Arthur Dodgshun, naye hakumaliza majuma mawili. Kapteni Edward Coode Hore, baharia, alifiwa na wenzake hao wawili, wala hakuiacha kazi waliyoijia pamoja. Alisafiri ziwani, akaandika aliyoyaona, na mwaka 1892 akayatoa katika kitabu. Deni la rafiki aliyekufa hulipwa kwa kazi aliyoiacha.

Basi, deni letu ni lipi? Mwenzetu aliyatunza majalada ya watu kwa miaka mingi, lakini jalada lake mwenyewe lilikuwa na upungufu. Mrithi aliyeandikwa humo ni mama yake, aliyekwisha kufa zamani. Mke na watoto hawamo. Sasa mjane atafuta cheti cha kifo na cheti cha ndoa, angojea muhtasari wa kikao cha ukoo, aende Mahakama ya Mwanzo apatikane msimamizi wa mirathi, na kila mlango aingiao aulizwa kwa nini jina lake halikuandikwa.

Hatusemi haya kwa kumlaumu marehemu. Alikuwa akisema kwamba atalirekebisha Jumatatu. Ni nani kati yetu asiye na Jumatatu yake?

Mfalme Hezekia alipougua, nabii Isaya alimwonya ayaweke sawa mambo ya nyumba yake. Baadaye akaongezewa miaka 15. Sisi hatukuahidiwa hata siku 15.

Kwa hiyo twawasihi: kila mmoja aliangalie jalada lake juma hili, aandike majina ya mwenzi wake na watoto. Awaonyeshe wa nyumbani mahali vyeti vilipo. Alipe deni lisilo na hati, ajualo yeye na mdai wake tu. Apatane na ndugu aliyekosana naye. Na wale wazijuao njia za mahakama wafuatane na mjane wa mwenzetu, asisimame peke yake mlangoni. Kwani machozi ya kaburini hukauka jioni ileile, bali msaada huo wanawe wataukumbuka.

Bwana ampokee mtumishi wake, nasi atupe akili ya kuzitumia vema siku tulizobakiziwa.