Mwenye Shaka Aseme Kitakachomridhisha

KWA MTAZAMO WANGU
Na Hamisi Shemboza

Sikusomea fizikia chuoni, wala uchumi. Vitabu vya fani hizo navisoma kwa kupenda, na kwa miaka mingi nimekuwa nikivutana na yaliyomo. Msimamo niliofikia ni huu: asiye bingwa ana haki ya kumtilia shaka bingwa, ila haki hiyo ina sharti, na sharti lenyewe linawafunga wote wawili. Mwenye shaka aseme ni ushahidi gani utakaomridhisha. Bingwa naye aseme ni ushahidi gani utakaomfanya aliache dai lake. Asiyeweza kujibu swali hilo, awe profesa au mpiga soga wa barazani, hana hoja.

Nianze na anga, maana huko ndiko sharti hili limetimizwa vizuri zaidi.

Mwaka 1846 Mfaransa Urbain Le Verrier alikaa na karatasi zake akatafuta kwa nini sayari ya Uranus haikufuata njia iliyotarajiwa. Akakata shauri kwamba kuna sayari nyingine isiyoonekana inayoivuta, akapiga hesabu ya mahali ilipo, akaandika barua kwa waangalizi wa Berlin. Johann Galle alielekeza darubini huko Septemba 23 mwaka ule ule, akaikuta Neptuni karibu kabisa na pale alipoambiwa. Ulaya nzima ilimshangilia Le Verrier.

Kisha akaigeukia Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na jua, ambayo nayo ilikuwa na mwendo usioelezeka. Mwaka 1859 akatumia dawa ile ile: ipo sayari nyingine, haijaonekana, ndiyo inayoivuta. Sayari hiyo ilipewa hadi jina, Vulcan, na watu wazima wenye akili zao waliitafuta kwa miongo kadhaa. Haikuwapo. Novemba 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba kasoro haikuwa upungufu wa sayari. Kanuni yenyewe ya mvutano, iliyotumika tangu enzi za Isaac Newton, ndiyo iliyohitaji kurekebishwa, na hesabu zake mpya ziliupata mwendo wa Utaridi bila kuongeza kitu chochote angani.

Bingwa mmoja, njia moja ya kufikiri: mara ya kwanza alipatia, mara ya pili akakosea. Nayakumbuka haya kila ninaposoma habari za maada giza, ile maada isiyoonekana inayosemekana kuzivuta galaksi.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, mwanasayansi wa Uswisi aliyefanya kazi California, alipima mwendo wa galaksi katika kundi liitwalo Coma. Zilikwenda kasi mno. Kwa uzito uliokuwa ukionekana, kundi lile lilipaswa kuwa limetawanyika zamani. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walitoa vipimo vya galaksi ya Andromeda, na vikaonyesha kwamba nyota za pembezoni zinazunguka kwa kasi karibu sawa na za ndani zaidi, jambo ambalo uzito unaoonekana hauwezi kulieleza. Leo vitabu vinatuambia kwamba takriban asilimia 5 tu ya ulimwengu ni vitu tunavyovijua, asilimia 27 ni maada giza na asilimia 68 ni nishati giza.

Je, maada giza ni Neptuni au ni Vulcan? Swali hilo lina sehemu yake katika pwani yetu. Desemba 12, 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani ilirushwa kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Miongoni mwa mambo iliyoyagundua ni kwamba makundi ya galaksi, likiwamo lile la Coma, yamejaa gesi yenye joto kali ambayo darubini za kawaida haziioni. Gesi hiyo ina uzito mkubwa kuliko nyota zote za kundi. Sehemu ya uzito alioukosa Zwicky, basi, ilikuwa maada ya kawaida kabisa iliyojificha. Lakini ilipojumlishwa, bado hesabu haikutimia.

Wako wanaochagua njia ya Einstein, ya kurekebisha kanuni. Mordehai Milgrom wa Israel alipendekeza mwaka 1983 kwamba kanuni ya mvutano irekebishwe pale nguvu inapokuwa dhaifu sana. Pendekezo lake linaeleza vizuri mzunguko wa galaksi moja moja, ila likifika kwenye makundi ya galaksi linapwaya. Upande wa pili, wanaoamini kwamba maada giza ni chembe wamejenga mitambo chini ya ardhi ili kuinasa. Mmoja uko South Dakota, Marekani, karibu kilomita moja na nusu chini ya uso wa nchi, ukiwa na tani kadhaa za kimiminika cha zenoni. Katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 haukuwa umenasa kitu.

Mimi, kwa hiyo, sijaikubali maada giza kuwa kitu kilichokwisha kujulikana. Nakubali kwamba kuna uzito usioelezeka. Huo umepimwa kwa njia nyingi zinazoafikiana. Siku chembe yenyewe itakaponaswa na maabara mbili zisizotegemeana, shaka yangu itakwisha. Ninachowasifia wanafizikia ni kwamba wao wenyewe ndio waliojenga mtambo ule chini ya ardhi, wakijua unaweza kuwaambia kwamba wamekosea.

Msimamo huo huo unanilazimisha kukubali mengine ambayo wakosoaji wengi wa mitaani wanayakataa. Kuna wanaosema Einstein alidanganya dunia. Hao nawauliza kuhusu simu anayotumia dereva wa bodaboda kutafuta nyumba ya mteja. Saa zilizomo kwenye setilaiti zinazoiongoza simu hiyo hutangulia saa za ardhini kwa takriban maikrosekunde 38 kila siku, kama hesabu za Einstein zinavyosema. Zisiporekebishwa, kosa la mahali lingekua kwa kilomita 10 hivi kwa siku. Wapo pia wanaosema kwamba habari ya ulimwengu kuanza ukiwa moto na umesongamana ni hadithi tu. Ralph Alpher na Robert Herman waliandika mwaka 1948 kwamba, ikiwa ulianza hivyo, lazima pawe na mabaki ya joto lile pande zote za anga, nyuzi chache tu juu ya sifuri kamili. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, ambao hawakuwa wakilitafuta, walikuta mvumo wa redio usiokoma katika antena yao huko New Jersey. Walisafisha hadi kinyesi cha njiwa, mvumo ukabaki. Ndiyo yale mabaki. Dai lililotangulia ushahidi kwa miaka 16, kisha ushahidi ukaja kwa njia ya watu wasiolijua, linastahili heshima yetu.

Shaka ya kweli ina gharama, na hapa kwetu aliyeilipa ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba huko Lushoto, aliweka mchanganyiko wa maziwa ya moto kwenye jokofu wakati wenzake walisubiri wao upoe. Wake ukaganda kwanza. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Hakuacha. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, huku wanafunzi wenzake wakimcheka. Osborne alirudi chuoni akaamuru lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha matokeo kwa pamoja. Jina la Mpemba sasa limo katika vitabu vya fizikia duniani. Na mjadala haukuishia hapo: mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walirudia vipimo na kusema hawakuona athari hiyo katika maji kwa namna ya kuaminika. Hilo halimshushi Mpemba hata kidogo. Alileta swali ambalo yeyote mwenye maji na jokofu anaweza kulijaribu, na likajaribiwa.

Sasa tuje kwenye uchumi, ambako ndiko moyo wangu uliko, kwa sababu galaksi ikipimwa vibaya hakuna mtoto anayelala njaa.

Septemba 2014 Kenya ilitangaza hesabu mpya za pato la taifa, na uchumi ukawa mkubwa kwa takriban robo kuliko ulivyodhaniwa. Miezi michache kabla, Aprili, Nigeria ilikuwa imefanya hivyo hivyo, pato lake likapanda kwa asilimia 89 na kuipita Afrika Kusini. Tanzania nayo ilifuata kabla mwaka huo haujaisha. Kazi ile ilikuwa halali, maana hesabu za zamani ziliacha nje biashara zilizokua baadaye, simu za mkononi zikiwamo. Kinachonikera ni kilichotangulia. Kwa miaka mingi tuliambiwa uchumi umekua kwa asilimia fulani nukta fulani, na deni ni asilimia fulani ya pato, kwa uhakika wa mtu aliyepima kwa rula, ilhali pato lenyewe lilikosewa kwa robo nzima. Siku ya tangazo, uzito wa deni la Kenya kwa kipimo hicho ulipungua bila shilingi moja kulipwa. Mwanafizikia anayetangaza kipimo huambatanisha kiwango cha makosa kinachowezekana. Sijawahi kukisikia katika hotuba ya bajeti.

Huko Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi wenye majina makubwa, waliandika mwaka 2010 kwamba nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato uchumi wao hudorora. Wastani wao ulionyesha kushuka kwa asilimia 0.1 kwa mwaka. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliinukuu makala hiyo walipokuwa wakipunguza matumizi ya serikali. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Massachusetts, Thomas Herndon, aliyepewa zoezi la darasani la kurudia utafiti wowote, alishindwa kupata tarakimu zile. Akawaomba faili lao, wakampa, akakuta jedwali la Excel limeziruka nchi tano. Yeye na walimu wake waliporekebisha hilo na mengine waliyoyapinga, wastani ukawa ukuaji wa asilimia 2.2. Wenyewe walikiri kosa la jedwali, ingawa walitetea hitimisho lao. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wahenga walisema. Na hapa aliyelionja ni mwanafunzi, baada ya miaka mitatu ya watu wazima kulimeza.

Sisi tumeyaonja makosa kama hayo zaidi. Katika miaka ya 1980 na 1990, chini ya mipango ya kurekebisha uchumi iliyosimamiwa na IMF na Benki ya Dunia, tulifundishwa uchangiaji gharama. Hoja ilikuwa kwamba ada ndogo haimfungii mtu mlango, tena humfanya athamini huduma. Hakuna aliyesema ni matokeo gani yangeonyesha kwamba hoja hiyo si kweli, wala lini tungeyaangalia. Tanzania ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, na Kenya mwaka 2003, watoto walifurika. Kenya peke yake ilipokea zaidi ya milioni moja wa ziada. Watoto wale hawakuzaliwa mwaka ule. Walikuwa nyumbani, na ada iliyosemekana haimzuii mtu ndiyo iliyokuwa imewazuia.

Sisemi kwamba uchumi hauwezi kupimwa. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, mchumi Michael Kremer na wenzake waligawa shule kwa makundi, wengine wakapata huduma mapema na wengine baadaye, wakalinganisha. Waligawa vitabu vya kiada, na alama za wanafunzi kwa wastani hazikupanda. Wakalisema hilo hadharani, ingawa wengi walitarajia kinyume. Waligawa dawa za minyoo, na utoro ukapungua. Wazazi wa baadhi ya shule walipotakiwa kuchangia kidogo bei ya dawa, watumiaji walipungua kwa takriban asilimia 80. Hapo ndipo hoja ya uchangiaji ilipokutana na mizani, katika vijiji vyetu. Kremer, Abhijit Banerjee na Esther Duflo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kazi za namna hiyo. Ninaulaumu uchumi wa mikutano ya wakubwa kwa sababu uchumi wa Busia umenionyesha kwamba unyofu unawezekana.

Naomba mambo mawili. Walimu wetu wa sayansi wasimcheke mtoto anayeuliza. Wamuulize atalijaribuje swali lake, kisha wampe chombo cha kulijaribia. Na mawaziri wa fedha wa nchi zetu, wanapoleta kodi mpya au mkopo mpya, waandike humo humo bungeni matokeo wanayoyatarajia, mwaka wa kuyapima, na kipimo ambacho kikishindikana kodi ile ifutwe. Waandike pia makadirio yao ya mwaka uliopita pembeni ya yaliyotokea kweli, ili kila mwananchi aliyefika darasa la saba aweze kutoa moja kwa nyingine.

Kwa mwenye nia njema hilo ni jambo la kurasa mbili tu. Wabunge hukaa na hotuba ya bajeti siku nyingi kabla ya kupiga kura. Kabla ya kusema ndiyo, wasimame waulize: tutajuaje kwamba hesabu hii imekosea, na nani atarudi hapa kutuambia?