Paka wa Sokoke ana jina ughaibuni, kwao hana

Mwulize mwanafunzi yeyote akutajie wanyama walioipatia Kenya sifa, naye atakutajia simba, ndovu na kifaru. Ni nadra sana kumsikia akitaja paka. Hata hivyo, yuko paka wa pwani yetu ambaye jina lake limo katika vitabu vya wafugaji wa Ulaya na Marekani. Huyo ni paka wa Sokoke, ambaye Wagiriama humwita kadzonzo. Manyoya yake ya kahawia yana mabaka yanayofanana na gome la mti, na miguu yake ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, bibi mmoja mwenye shamba la minazi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, alipata watoto wa paka hao akawalea nyumbani. Mwaka 1984 baadhi ya paka wa ukoo huo walipelekwa Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la wafugaji wa paka, FIFe, likawatambua kuwa aina kamili. Kazi hiyo haikufanywa na serikali wala na maabara kubwa. Ilifanywa na watu binafsi, majumbani mwao, wakiwa na paka wachache tu.

Wako wasemao kwamba tuliibiwa. Mimi sikubaliani nao. Paka huzaana vichochoroni mwa miji yetu ya mwambao kila uchao, na hakuna ajuaye nani kazaliwa na nani. Wafugaji wale waliandika baba na mama wa kila mtoto, siku aliyozaliwa na rangi yake. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Tulichokosa sisi ni daftari.

Hata hivyo, daftari peke yake halitoshi. Ukoo ulioanza na paka wachache hulazimika kupandisha ndugu kwa ndugu, na hapo udhaifu wa kurithi hujitokeza. Ndiyo sababu miaka ya 2000 wafugaji wa ng'ambo walirudi Kenya kutafuta damu mpya. Naam, chemchemi ingali kwetu! Swali ni iwapo tutaichunga.

Naamini kwamba Mkenya aweza kumfuga kadzonzo nyumbani kwake kwa heshima, mradi ajue kuwa kazi hii yataka kujizuia kuliko mtaji. Jike huchukua mimba kwa muda wa siku 63 hadi 65, naye aweza kushika nyingine kabla hajapata nguvu. FIFe humkataza mfugaji kumzalisha jike zaidi ya mara tatu katika miezi 24. Mtoto asitenganishwe na mamaye kabla ya wiki 12, na sharti apate chanjo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa. Anayetafuta faida ya haraka na afuge kuku.

Jambo la pili ni msitu wenyewe. Arabuko-Sokoke una eneo la kilomita mraba 420 hivi, na ndani yake mna bundi mdogo wa Sokoke na sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Paka anayerandaranda ni adui wa viumbe kama hao. Basi mfugaji wa kweli huwaweka paka wake ndani ya nyumba au katika ua uliozungushiwa wavu. Wala asiende kunasa paka ovyo ili awauze, kwani paka asiyejulikana ukoo wake hauongezei ukoo huu chochote.

Walimu wenzangu, twafundisha urithi kwa mbaazi za Mendel, nasi tuna mfano hai Kilifi. Wanafunzi wa shule za pwani wanaweza kuanza na jambo dogo: kuwachora paka wa mitaa yao, kuandika rangi zao, na kufuatilia vizazi viwili au vitatu. Hiyo ni sayansi isiyohitaji darubini, bali kalamu na subira. Tusipolifungua daftari hilo sisi wenyewe, wajukuu wetu watalazimika kwenda Denmark kuuliza habari za paka wa Kilifi.