Jino Limetibiwa na Bado Linauma: Kabla Hujaling'oa, Nisikilize



Najua nimewatelekeza kwa karibu wiki mbili. Wale mliotuma ujumbe kuuliza kama nimefukuzwa kazi gazetini, hapana, bado nipo nipo. Nilikuwa naumwa jino. Na kinachonikera ni kwamba jino lenyewe lilikuwa limeshatibiwa, nimelipa hela yangu na risiti ninayo mfukoni. Leo nataka kulisemea hilo, na nawaonya mapema kuwa nimekasirika.

Kisa chenyewe ni hiki. Gego langu la chini upande wa kulia lilikuwa limetoboka hadi kwenye kiini, usiku silali. Nikaenda kliniki moja ya binafsi Mwanza (sitaitaja, msiniulize). Nikapigwa ganzi, wakasafisha mizizi, wakaziba. Saa moja na nusu hivi. Nikaambiwa neno moja tu: "Umepona." Kesho yake nikapanda basi kupitia Lamadi na Bariadi, nikaenda nyumbani Binza kwenye msiba.

Usiku ule jino likaanza upya. Safari hii halikuwa linachoma kwa maji baridi kama zamani. Lilikuwa linagonga, na nikikutanisha meno tu naona nyota. Asubuhi kikao cha familia kikakaa juu ya shavu langu. Mama mdogo akasema, "Si nilikwambia? Hayo ya kuziba ziba ni kula hela za watu. Kang'oe mwanangu upumzike." Mjomba akaunga mkono, na kijana wa bodaboda akawasha pikipiki kabisa. Nikapiga simu kliniki, dada wa mapokezi akanijibu, "Ni kawaida hiyo, meza Panadol, ukizidiwa njoo tukupe antibayotiki." Akakata.

Jamani, nilikuwa nimebakiza hatua chache tu nimpoteze gego mzima kwa sababu hakuna aliyenipa maelezo ya dakika tatu!

Niliporudi Mwanza siku ya tano, daktari mwingine aliniwekea kikaratasi cha rangi kati ya meno, akaniambia ng'ata. Rangi ikabaki juu ya kijazio. Kumbe kilikuwa kimezidi kimo kidogo sana, kwa hiyo kila nikifunga mdomo gego lile lilikuwa linapigwa kabla ya mengine. Akalisaga dakika mbili. Siku mbili baadaye nilikuwa natafuna michembe na karanga bila wasiwasi.

Sasa tuongee. Nikiwa nauguza shavu nilisoma sana, na nikagundua kuwa maumivu baada ya kutibiwa mzizi ni jambo linalofahamika vizuri kabisa. Kiini cha jino, yaani ile nyama yenye mishipa ya damu na ya fahamu, kinatolewa. Lakini jino limekaa ndani ya mfupa, na kati ya mzizi na mfupa kuna utando ulio hai wenye hisia. Utando huo ulikuwa umeshavimba kwa ugonjwa, halafu daktari kapita na vifaa hadi karibu na ncha ya mzizi. Lazima ulalamike. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kabla ya matibabu wagonjwa wapatao 81 kati ya 100 huwa na maumivu. Baada ya saa 24 hubaki 40 hivi. Baada ya wiki moja hubaki kama 11. Kwa hiyo anayeumwa siku ya pili hajaibiwa, na aliyefikisha wiki bado anaumwa ana haki ya kurudi na kuuliza kwa nini.

Sababu zipo na zinatafutika. Kijazio kirefu kama changu. Kifaa kilichopitiliza ncha ya mzizi. Uchafu uliosukumwa nje ya ncha. Au njia iliyosahaulika ndani ya jino: gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, lakini mara nyingi lina njia nne, na ile ya nne imejificha. Antibayotiki haitafuti njia iliyosahaulika wala haipunguzi kimo cha kijazio. Mbona basi ndiyo kitu cha kwanza tunachoahidiwa kwa simu?

Nije kwenye vifaa, maana hapa ndipo tunapofumbwa macho zaidi. Mzizi husafishwa kwa vijisindano vyenye makali vinavyoitwa mafaili. Babu yao alitengenezwa Marekani mwaka 1838 na Edwin Maynard, kwa kunoa springi ya saa. Ya leo yana rangi kwenye kishikio, na rangi hiyo ni kipimo: jeupe ni namba 15, la njano 20, jekundu 25, la bluu 30. Namba 25 maana yake ncha ina unene wa robo ya milimita. Fikiria chuma chembamba kiasi hicho kikizungushwa ndani ya mfereji uliopinda! Kikitumika mara nyingi kinachoka, na kikichoka kinaweza kukatikia humo humo. Yale ya nikeli na titani, yanayozungushwa kwa mashine, yanaweza kukatika bila hata kuonyesha dalili.

Mwaka 2007 Uingereza iliwaagiza madaktari wake wa meno kwamba faili likishatumika kwa mgonjwa mmoja litupwe. Hofu yao ilikuwa ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kichaa cha ng'ombe, maana vijidudu vyake haviuawi kwa uhakika na mvuke, na mikato ya faili ni migumu kusafishika. Sisemi tuige kila kitu. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini vinauawa na mtungi wa mvuke ukitumika ipasavyo. Ninachouliza ni kimoja: wewe uliyetibiwa mwaka jana, uliwahi kuambiwa faili lililoingia kwenye jino lako limeshapita kwa wangapi? Kwenye saluni tunauliza kuhusu wembe. Kwa nini kwenye kiti cha meno tunakuwa mabubu?

Kuna na kile kipande cha raba kinachotandazwa mdomoni ili jino libaki peke yake, mate yasiingie na faili lisidondoke kooni. Kilibuniwa na Sanford Barnum mwaka 1864. Mimi sikuwekewa. Kitu cha karne ya 19!

Najua mtakachosema. Nchi maskini, madaktari wachache, acha mambo ya wazungu. Hoja hiyo siikubali, na ushahidi wangu ni wa hapa hapa nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa chuo chetu cha meno Dar es Salaam walianza kujaribu vijijini njia ya kuziba meno bila mashine wala umeme. Sehemu iliyooza inakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu linazibwa kwa saruji maalumu. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe dunia nzima. Saruji yenyewe iliingizwa kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu mwaka 2021. Ilianzia Tanzania, wadau! Jino likizibwa mapema namna hiyo, huenda lisifikie kuhitaji faili hata siku moja.

Halafu mama mdogo wangu pale Binza ana mapengo manne. Aliyapata yote kabla hajafika miaka 40. Hakuna hata moja aliloulizwa kama angependa lizibwe. Anatafuna upande mmoja, na akicheka anaweka kiganja mdomoni. Ndiyo maana anaamini koleo, kwa sababu ndilo pekee lililowahi kumfikia. Simlaumu hata kidogo. Nawalaumu waliozoea kumwandikia mtu wa kijijini "ng'oa" kabla hajafungua mdomo, na nawalaumu wale wa mjini wanaochukua hela ya kuokoa jino halafu wanabana maneno, mgonjwa akiumwa anaenda kuling'oa mwenyewe. Wote wawili wanatufikisha kwenye pengo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Waandishi wenzangu, tunapoiandika tuulize pia: mwananchi wa Simiyu atalipiwa kuokoa jino au kuling'oa tu?

Na wewe unayekwenda kutibiwa mzizi wiki hii, uliza haya bila aibu. Nitaumwa siku ngapi, na nikizidisha nimpigie nani? Utapiga picha ya eksirei kuhakikisha njia zote zimezibwa? Mafaili haya ni mapya, au yamepita kwenye mvuke? Na kabla hujashuka kwenye kiti, ng'ata. Ukihisi jino limewahi mengine, sema hapo hapo, usisubiri basi la Bariadi. Ukiona uvimbe, homa, au kumeza kunakuwa kugumu, hiyo si ya Panadol, kimbia hospitali usiku huo huo.

Daktari anayekasirika kwa kuulizwa maswali haya, shuka kwenye kiti chake.

Gego langu lipo. Nimemwahidi mama mdogo kuwa likizo ijayo tunakwenda wote Mwanza, kuna jino la tano linaanza kumsumbua. Amekubali, kwa masharti kwamba maswali nitauliza mimi.

Haya, uwanja wenu. Alamsiki.