Kushusha pikapu si kosa, kosa ni kukata springi

Tarehe 1 Januari 2024, kifungu cha 24008 cha sheria ya magari ya jimbo la California, nchini Marekani, kilikoma kufanya kazi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 kifungu hicho kilimkataza dereva kuendesha gari lililobadilishwa hadi sehemu yake yoyote, ukiacha magurudumu, ikawa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Pikapu nyepesi zilikuwa ndani ya marufuku hiyo. Askari hakuhitaji kujua ufundi ili amwandikie mtu kosa, rula ilimtosha. Muswada uliokifuta, AB 436, ulitiwa saini na Gavana Gavin Newsom Oktoba 2023, na ukaiondolea pia miji ya jimbo hilo uwezo wa kupiga marufuku matembezi ya taratibu ya magari hayo mitaani.

Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na sababu yake inawahusu hata wasomaji wasiotarajia kufika Los Angeles. Kimo cha gari pekee hakisemi kama gari ni salama. Pikapu iliyoshushwa kwa sentimita 12 na mtu aliyeifanya kazi yake kwa subira, akabadilisha bushi, breki na mabomba yaliyochoka, inaweza kushika barabara kuliko nyingine ya umri huohuo ambayo haijaguswa tangu itoke kiwandani. Iliyoshushwa sentimita 5 tu kwa moto wa gesi inaweza kuua. Swali la maana ni moja: imeshushwaje?

Mtindo wenyewe ulikua mikononi mwa watu wa kipato cha kawaida. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko walinunua magari yaliyokwishatumika, wakayapaka rangi, wakayaweka chini kwa mifuko ya mchanga kwenye buti au kwa kukata springi. Sheria ilipowabana, mwaka 1959 Ron Aguirre wa San Bernardino aliifungia Corvette yake pampu na mitungi ya haidroliki iliyotokana na vifaa vya ndege. Akimwona askari, gari linapanda; askari akishapita, linashuka. Marufuku iliyotungwa kuumaliza ufundi huo ndiyo iliyouzalia ufundi mkubwa zaidi.

Ukitaka kuona kazi hii inavyofanywa leo nyuma ya nyumba, itazame Chevrolet C10 ya miaka ya 1967 hadi 1972. Ni pikapu iliyotengenezwa kwa ajili ya wakulima na mafundi bomba, si kwa maonyesho. Injini yake ndogo ya silinda sita, lita 4.1, imezungukwa na nafasi tele kiasi kwamba mtu anaweza kuinama humo na spana bila kujikwaruza. Haina kompyuta. Kabureta, distribyuta, waya chache, basi. Vipande vya bodi na vipuri vya chini vinatengenezwa upya hadi leo, kwa hiyo mtu mwenye mshahara wa kawaida anaweza kununua mlango mwezi huu na bushi mwezi ujao. Kwa mtu wa namna hiyo, kufufua gari nyumbani ndiyo njia pekee ya kulimiliki, na hakuna sababu ya kumdharau eti si gereji kubwa.

Lakini wengi huanzia pasipostahili. Huanza na rangi. Wanapiga msasa, wanajaza puti, wanapaka, wanapiga picha, huku chini ya mlango chuma kimebaki kama biskuti. Kwenye C10 kutu hupenda pembe za chini za kabini, vizingiti vya milango, sakafu ya miguuni na mahali kabini inapokaa juu ya chasisi. Vizingiti hivyo hushiriki kuishika kabini isijipinde. Puti haishiki chochote. Chuma kilichooza hukatwa mpaka kionekane chuma kizima, kisha kipya huchomelewa, na kazi hiyo hufanywa kabini ikiwa imeegemezwa vizuri ili milango isije ikagoma kufunga. Ni kazi ya kuchosha, nayo hutoweka chini ya rangi.

Kuna hatari moja katika gari hili ambayo kila anayeshika mashine ya kuchomelea anapaswa kuijua mapema. Tangi la petroli la C10 za miaka hiyo limo ndani ya kabini, nyuma ya kiti, karibu kabisa na zile pembe zenye kutu. Lazima litolewe na lipelekwe mbali kabla ya cheche ya kwanza, na likiwa tupu ni la kuogopwa kuliko likiwa limejaa, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka. Wamiliki wengi hutumia nafasi hiyo kulihamishia chini ya bodi ya mizigo. Wanafanya vyema, hakuna sababu ya dereva kukaa amelipa mgongo tangi la mafuta.

Sasa kushusha.

Njia ya mkato ni kukata springi za mbele, au kuzipasha moto mpaka zijikunje. Mtu anamaliza mchana mmoja na gari liko chini. Alichofanya hasa ni hiki: springi iliyokatwa ina mizunguko michache, hivyo ni ngumu zaidi, na wakati huohuo safari yake kabla ya chuma kugonga chuma imefupishwa. Gari linaruka juu ya kila kokoto, na kwenye shimo tairi linapoteza mguso na barabara wakati dereva anauhitaji kuliko wakati wowote. Iliyopashwa moto ni mbaya zaidi. Chuma cha springi kinapata unyumbukaji wake kwa kuchomwa na kupozwa kiwandani kwa kipimo. Moto wa gesi unauharibu mpangilio huo pale ulipogusa, na springi inaweza kuendelea kuzama au kuvunjika. Hakuna fundi anayeweza kukuambia itavunjika lini.

Njia ya haki haimezi pesa nyingi kama watu wanavyodhani, ila inadai kuelewa. Mbele, hubadilishwa kile kipande kinachobeba habu ya gurudumu, na kuwekwa kingine ambacho sehemu ya kushikia habu imepandishwa kwa sentimita 6 hivi. Gurudumu linapanda, gari linashuka, lakini springi ni ileile na mikono ya saspensheni inabaki karibu na pembe alizozikusudia mhandisi. Vingi vya vipande hivyo vimeundwa kwa ajili ya breki za diski, na hapo kuna faida ya pili: Chevrolet iliziwekea pikapu hizi diski za mbele kama kawaida kuanzia modeli ya 1971 tu. Mwenye gari la 1968 anayeshusha kwa njia hii anapata breki bora kuliko alizopewa na kiwanda. Hilo rula ya askari haikuweza kuliona.

Nyuma kuna mambo zaidi. Ekseli ya C10 inashikwa na mikono miwili mirefu inayokuja kutoka katikati ya gari, springi za mzunguko, na fimbo moja ya kulalia inayozuia ekseli isiyumbe kushoto na kulia. Ukiweka springi fupi, kila kitu kinageuka kidogo. Ile fimbo inabadili pembe na kuisukuma ekseli upande mmoja, na ukisimama nyuma utaona tairi moja limetokeza kuliko jingine. Inatakiwa fimbo inayorekebishika. Difu inabadili mwelekeo, pembe za viungo vya propela shafti zinaharibika, na mtetemeko unaanza kwenye mwendo wa kasi. Shokomzoba za zamani ni ndefu mno kwa nafasi iliyobaki, zinafika mwisho na kupasuka. Na ekseli sasa iko karibu na chasisi mno: kwenye tuta la kwanza zitagongana.

Dawa ya hilo la mwisho ni kukata tundu la nusu mviringo kwenye chasisi juu ya ekseli na kulizungushia bamba nene la chuma, lililofungwa kwa bolti au kuchomelewa. Hapa ndipo heshima ya fundi inapopimwa. Chasisi ndiyo inayobeba watu na mzigo. Tundu lisilo na bamba ni mwanzo wa ufa. Asiyejiamini na mashine ya kuchomelea atumie bamba la bolti au amlipe mchomeleaji mwenye uzoefu kwa siku hiyo moja. Hakuna aibu katika hilo.

Kuhusu kulala chini ya gari, maneno machache yanatosha. Jeki ni ya kuinulia, stendi ndizo za kubebea. Springi iliyobanwa haitolewi bila kifaa cha kuibana. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa upepo wala kwa mdomo, kwa kuwa lainingi za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto, na asbesto huua mapafu polepole.

Afrika Mashariki inaingia wapi katika habari hii? Inaingia kinyumenyume. Huku mwenye pikapu huongeza vyuma vya springi ili nyuma ipande na ibebe magunia mengi zaidi, na jambo hilo halimshtui mtu. Ila chuma hakijui nia ya mwenye gari. Hilux nyingi zina vali inayounganishwa na ekseli ya nyuma ili kupima mzigo: nyuma ikikaa chini, vali hudhani gari limejaa na kuruhusu breki nyingi zaidi za nyuma, ikikaa juu, hudhani ni tupu na kuzipunguza. Ongeza springi bila kuirekebisha vali hiyo, na gari lenye tani ya mahindi litafunga breki kama gari tupu. Lishushe bila kuirekebisha, na gari tupu litakamata magurudumu ya nyuma kwenye mvua na kuzunguka. Kupandisha na kushusha ni kazi moja yenye masharti yaleyale. Mkaguzi anayeikodolea macho pikapu iliyoshushwa na kuipungia mkono iliyopandishwa anarudia kosa la California.

Kwa barabara zenye matuta marefu na mashimo ya masika, kuishusha pikapu hadi kugusa lami ni kujitafutia hasara, na vijana wanaoiga picha za Los Angeles waambiwe hivyo bila kuzungushwa. Kuifufua ni jambo jingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka 8, kwa hiyo Peugeot 404 na 504 zilizosalia mashambani, Datsun za zamani na Land Rover zilizotelekezwa chini ya miembe ndizo zilizopo. Zile 504 ziliunganishwa Mombasa kwa miaka mingi. Ile 404 ndiyo aliyoshindia Bert Shankland wa Dar es Salaam mbio za Safari mwaka 1966 na 1967. Mafundi wa Gikomba na Gerezani wana mikono ya kuzirudisha barabarani, na wengi wao wamezoea kuunda kile ambacho hakipo dukani.

Kinachopungua ni utaratibu wa kuitambua kazi nzuri. Mamlaka za ukaguzi zingeweza kumtaka mwenye gari lililobadilishwa alete picha za chasisi na sehemu zote zilizochomelewa kabla hazijapakwa rangi, pamoja na karatasi ya kipimo cha magurudumu. Gari lipelekwe kwenye mashine ya kupimia breki likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo. Na kwa kuwa springi fupi hubeba kidogo kuliko za awali, uzito mpya unaoruhusiwa uandikwe kwenye kadi ya gari na kwenye mlango, ili atakayelinunua baadaye asilipakie mchanga kama vile halijaguswa.