Mfu Hutafutwa kwa Jina

Kila mabaki ya ndege ya vita yakipatikana mlimani, lazima mmoja wetu aseme: wazungu wana pesa ya kuchezea, mifupa ya 1944 ni ya nini? Hoja hii imezeeka. Tuizike.

Japani ilipofunga barabara ya Burma mwaka 1942, Wamarekani walianza kubeba mafuta na risasi kwa ndege kutoka Assam, India, hadi Kunming, China, juu ya Himalaya. Marubani waliiita njia hiyo Nundu. Ndege karibu 600 zilipotea, watu zaidi ya 1,600 wakafa au wasionekane tena. Na bado Marekani ina idara nzima ya kuwatafuta: inapanda milima, inachekecha udongo, inalinganisha DNA ya mfupa na ya jamaa aliye hai.

Ati ni pesa tu? Pesa inasaidia, sikatai. Lakini kabla ya maabara kuna karatasi: ndege hii iliruka siku hii, ndani walikuwa hawa, kwao ni hapa. Mimi niliacha chuo, na hili halihitaji digrii: huwezi kumtafuta mtu ambaye hukumwandika.

Sasa tuje kwetu. Kwenye vita hivyo hivyo, askari wa KAR walipigana Burma, bonde la Kabaw, wakiangushiwa chakula na ndege za uchukuzi. Majina ya wenzao waliokosa kaburi yamechongwa Taukkyan, huko huko Burma. Kumbe iliwezekana!

Na waliowatangulia je, wapagazi wa 1914 hadi 1918 waliotuachia jina la Kariokor? Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita iliyoko Uingereza ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Hiyo haikuwa ajali. Wakubwa wa kikoloni waliamua kuwa Mwafrika hana haja na jiwe la kaburi.

Pita Kenyatta Avenue uzione zile sanamu tatu. Maandishi yake yanamwahidi aliyekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Jina gani, na hakuna hata moja lililochongwa pale?

Kwa hivyo wacha kumcheka Mmarekani na mifupa yake. Rekodi zozote za wapagazi zilizobaki, London au Nairobi, zifunguliwe, zichapishwe, mjukuu asome bila kuomba ruhusa ya mtu. Tusipodai hilo, tutakuwa tumekubaliana na yule mkoloni.