Nani Aliyemwita Jambazi?

Ipo sinema ya Kimarekani ya mwaka 1973, iitwayo Magnum Force, ambayo vijana wa Ifakara waliitazama enzi za vibanda vya video na ambayo wajukuu wetu wanaitazama leo kwenye simu. Ni sehemu ya pili ya habari za mpelelezi Harry Callahan wa polisi wa San Francisco, mtu mkavu, mwenye bastola kubwa na maneno machache, ambaye mchezaji wake ni Clint Eastwood. Nimeiona mara tatu. Imetengenezwa kwa ustadi, na ndiyo sababu naona inafaa kugombana nayo, maana picha mbovu haimpotoshi mtu.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Mkubwa mmoja wa wahalifu anaachiliwa na mahakama kwa sababu ya kasoro ya kisheria. Akiwa njiani, gari lake linasimamishwa na askari mwenye pikipiki, na wote waliomo ndani, watu wanne, wanapigwa risasi. Mauaji ya namna hiyo yanafuatana, hata Harry anagundua kuwa wauaji ni askari vijana wa jeshi lake mwenyewe. Wamejiundia mahakama ya siri, na anayewaongoza ni mkubwa wake kazini. Wanamkaribisha ajiunge nao, anakataa. Wanataka kumwua na yeye, naye anawawahi.

Wapenzi wa sinema hii huniambia kwamba ina mafundisho mema, kwa kuwa hata askari mkali kama Harry amekataa kujichukulia sheria mkononi. Nami huwajibu: tazameni tena yale mauaji ya mwanzo. Kabla mtu hajauawa, sinema imekwisha kutuhakikishia kwamba ni mwovu. Sisi watazamaji tumeketi kama malaika wenye daftari la matendo ya kila kiumbe, hatuna shaka hata chembe. Swali linalobaki ni moja tu, kama ni halali mwovu huyu auawe bila hukumu. Hilo ni swali jepesi, na mtu aliyeibiwa juzi hulijibu upesi sana. Swali zito, ambalo sinema hailigusi, ni hili: nani aliyejua kwamba huyu ni mwovu, na alijuaje?

Na yule dereva? Naye alikuwa miongoni mwa wale wanne. Hakushtakiwa kwa lolote, kazi yake ilikuwa kushika usukani. Sinema haikai naye hata dakika moja, na sijapata kumsikia mtu kibandani akiuliza habari zake.

Mimi nauliza kwa sababu namkumbuka dereva mwingine. Mwezi Januari mwaka 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge waliuawa na polisi Dar es Salaam, pamoja na dereva wa teksi aliyekuwa amewachukua. Mtu wa Mahenge akienda Dar es Salaam hupita kwetu Ifakara. Siku zile alivuka Mto Kilombero kwa kivuko, kwa kuwa lile daraja la mita 384 lilizinduliwa mwaka 2018. Wafanyabiashara wa vito tuliwazoea pale kivukoni. Leo mtu ana fedha taslimu nyingi mfukoni, kesho anakopa nauli, na vijiwe vyake amevifunga katika karatasi ndogo kama dawa ya zahanati. Sasa mpeleke mtu huyo mjini, mbele ya askari asiyemjua, ana fedha ambazo mavazi yake hayazielezi na lafudhi ya mtu wa bara. Unadhani ataitwa nani?

Polisi walitangaza kwamba waliouawa walikuwa majambazi walioshiriki uporaji wa fedha za kampuni katika Barabara ya Sam Nujoma, na kwamba walikufa katika mapambano ya risasi. Habari ikatangazwa hivyo, na nathubutu kusema kwamba wengi walioisikia walishukuru. Lakini ndugu wa marehemu hawakunyamaza. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, nayo ikaeleza kwamba wale hawakuwa majambazi na kwamba mapambano hayakuwapo. Walikamatwa wakiwa hai, wakapelekwa msitu wa Pande, wakauawa huko.

Askari walishtakiwa, na watu wakaiita kesi hiyo kwa jina la mshtakiwa mkubwa kuliko wote, Abdallah Zombe, ingawa mahakama ilimwachia mara zote mbili. Agosti 2009, Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu aliwaachia washtakiwa wote, akisema kwamba wauaji wenyewe hawakuwa mbele yake na kwamba watafutwe. Askari aliyetajwa kuwa ndiye mfyatuaji wa risasi alikuwa amekwisha toroka. Septemba 2016, Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja wa polisi na kumhukumu kunyongwa. Mauaji yalikuwa ya usiku mmoja, mashauri yakachukua zaidi ya miaka kumi. Wapo wanaoitumia hesabu hiyo kuthibitisha kwamba mahakama ni bure. Mimi naisoma kinyume. Katika wote waliohusika, risasi ndiyo iliyosema uongo mara moja na kwa hakika kamili, na ile tume pamoja na mahakama, pamoja na ucheleweshaji wao wote, ndizo zilizowaondolea marehemu jina la ujambazi.

Maana neno hili "jambazi" lina tabia ya ajabu. Mtu akiwa hai anaitwa mtuhumiwa, naye anaweza kukana, akaleta mashahidi, akamwita mama yake aseme alilala wapi. Akishauawa anaitwa jambazi, na ushahidi pekee wa ujambazi wake ni kule kuuawa kwake. Anayempa jina ni yule yule aliyemwua. Ndivyo ilivyo pia kwa "wananchi wenye hasira" wa magazetini, ambao hawana majina wala sura. Sauti moja sokoni ikipaza "Mwizi!", wanaokimbia na mawe hawamjui mwizi wala aliyeibiwa. Kila mmoja anamwamini aliye mbele yake, na aliye mbele kabisa anamwamini yule aliyepiga kelele, ambaye pengine mwenyewe ndiye mwenye mkono mrefu.

Msomaji atasema, basi mwalimu anawatetea wezi. La hasha, na nitatoa mfano wa mwizi wa kweli. Katika miaka ya themanini, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi humu bondeni, stoo ya shule ilivunjwa, yakachukuliwa majembe ya shamba la shule pamoja na magunia ya mpunga wetu. Baada ya siku chache alikamatwa kijana akiwa na majembe mawili yenye alama ya shule. Alikuwa mwizi, halina ubishi. Wazazi waliokusanyika walitaka kumpiga mpaka afe, na baba mmoja alikuwa amekwisha leta mpini. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye sauti ndogo lakini moyo wa jiwe, alimfungia kijana ofisini, akakaa mlangoni, akasema anayetaka kuingia aanze na yeye. Tukakesha. Alfajiri kijana alipopewa uji alisema aliyemnunulia mali ile, naye alikuwa mtu wa duka, mtu wa heshima, aliyechangia sherehe zetu za shule. Nyuma ya duka lake tulikuta mpunga wetu na vyombo vya vijiji vitatu. Na tena, katika lile kundi la jana yake, yeye alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele sana kwamba kijana auawe.

Ndiyo maana sishangazwi na sehemu moja ya Magnum Force ambayo watazamaji huipita haraka. Wale askari wanaojiita wasafishaji wa mji wanamwua pia askari mwenzao, rafiki wa Harry, kwa sababu tu alitokea mahali ambapo angeweza kuwa shahidi. Hapo mwandishi wa sinema alisema kweli, nadhani pasipo kukusudia. Anayeua bila mahakama ana haja kubwa ya watu wasioweza kusema.

Wala tusidhani haya ni maradhi ya Kiafrika. San Francisco hiyo hiyo ilikuwa na kamati za raia za kunyonga watu mwaka 1851 na 1856, na mkubwa wa Harry anajivunia historia hiyo. Jirani zetu Kenya walikuwa na kikosi maalumu cha polisi ambacho Rais William Ruto alitangaza kukivunja Oktoba 2022, kwa tuhuma za kuua watu na kuwapoteza. Sungusungu wa kwetu, walioanzia Usukumani mapema miaka ya themanini kwa sababu ya kweli kabisa, yaani wizi wa ng'ombe ambao polisi waliushindwa, hawakukawia kuwageukia wale walioitwa wachawi, na hapo tena swali likawa lile lile: nani kamwita?

Najua mahakama zetu zilivyo. Najua mkulima wa Mang'ula anaweza kuacha shamba msimu mzima akifuatilia kesi ya baiskeli, na jalada likapotea, na siku ya mwisho akamkuta mshtakiwa wake amekaa kwenye kahawa. Hasira yake ni halali. Na aipeleke kwa diwani, kwa mbunge, kwa hakimu mwenyewe, aidai haki yake kwa sauti kubwa kuliko ile ya sokoni. Lakini akinunua tairi na petroli kwa ajili ya kibaka, jalada lake bado halijapatikana.

Watengenezaji wenyewe wa sinema hawakudumu na mafundisho yao. Baada ya Magnum Force ziliongezwa sehemu nyingine tatu. Ya nne, Sudden Impact ya mwaka 1983, Eastwood aliiongoza yeye mwenyewe. Humo mwanamke anawawinda na kuwaua mmoja mmoja watu waliombaka yeye na ndugu yake, na Harry, yule aliyekataa mwaka 1973, anamjua muuaji na anamwacha aende zake. Watazamaji wanaridhika, kwa sababu na hapo pia tumeonyeshwa kila kitu mapema, nani alifanya nini, usiku gani, na kwa uso upi. Wale watu wa Mahenge na dereva wao hawakupata mtazamaji wa namna hiyo kule Pande.