Mwanafunzi wa Jioni Naye Ahitimu

Wahenga walituambia kuwa elimu haina mwisho. Sidhani walikuwa na maana kwamba mwanafunzi naye asihitimu kamwe.

Mchana mimi ni karani. Jioni ni mwanafunzi. Saa kumi na moja unusu nikishafunga majalada ya mwajiri wangu, hushika njia kuelekea chuo kikuu kimoja jijini Nairobi ambako nasomea shahada ya Kijerumani. Tulipoanza tulikuwa kumi na wanane darasani. Leo tumesalia watano. Wenzetu hawakushindwa na lugha, walishindwa na ratiba.

Wako wanaoniuliza Kijerumani ni cha nini kwa mtu wa umri wangu. Huwakumbusha kuwa hata neno "shule" tulilipata kwa Wajerumani, na kwamba Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza kuandika sarufi na kamusi ya Kiswahili. Tangu mwaka 1887 Kiswahili kilifundishwa jijini Berlin. Ikiwa wao waliona faida ya kuisoma lugha yetu, aibu iko wapi sisi tukiisoma yao?

Wala ugumu wake usitutishe. Kijerumani kina jinsia tatu za nomino, na msichana, ajabu ya Mungu, si wa kike wala wa kiume katika sarufi yao. Lakini aliyelelewa na ngeli za Kiswahili hawezi kutishwa na jinsia tatu!

Mnamo Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi. Vijana wengi sasa wanajifunza Kijerumani kwa bidii, kwa kuwa mwuguzi, kwa mfano, aghalabu hutakiwa afikie kiwango cha B2 ndipo taaluma yake itambuliwe kule. Hilo ni jema. Hata hivyo, cheti cha kusafiria ni kimoja na shahada ni nyingine. Nani atawafundisha vijana hao? Nani atawafasiria mikataba ya kazi kabla hawajaitia sahihi? Kazi hiyo yataka watu waliozama katika lugha, na wengi wetu wenye nia hiyo tayari tuna ajira na watoto. Hatuna wakati mwingine ila jioni.

Basi yaliyotupata ni haya. Tulipofika mwaka wa tatu, somo la tafsiri halikufundishwa jioni kwa sababu idadi yetu haikutosha. Tuliambiwa tungoje mwaka ujao. Tukangoja. Mwaka ulipowadia tukaambiwa vivyo hivyo, na ada ya usajili tukalipa mara ya pili. Wakati huo wote somo lilo hilo lilikuwa likifundishwa saa nne asubuhi, mimi nikiwa mezani pa mwajiri.

Nawasikia wasimamizi wakisema kuwa mhadhiri hawezi kulipwa afundishe watu watano. Hoja hiyo ina uzito, na sitaibeza. Lakini kwa nini wanafunzi wa mchana na wa jioni wasiunganishwe katika kipindi kimoja, jioni au Jumamosi? Kwa nini masomo yenye wanafunzi wachache yasipangwe kwa zamu ya miaka miwili, na ratiba hiyo ikatangazwa siku ya kujiandikisha? Fauka ya hayo, janga la korona la mwaka 2020 lilituonyesha kuwa mhadhara waweza kumfikia mtu popote alipo kupitia intaneti.

Jambo hili si geni duniani. Chuo cha Birkbeck, London, kilianzishwa mwaka 1823 kwa ajili ya mafundi na wafanyakazi, kikajijengea jina kwa kufundisha jioni. Hakikuwahesabu watu hao kuwa makombo ya wanafunzi wa mchana.

Chuo kinachopokea karo ya mtu kimempa ahadi. Kama hakiwezi kumfikisha mwisho wa masomo, kimweleze mapema naye aamue. Ama sisi watano, tutaendelea kuhudhuria. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi naye ana haki ya kuuliza ni nani avunjaye koleo kila mwaka.